Ile ya Nyayo Nne

Binti yangu Ifrah alinikuta dukani nikipanga vitabu vya shule, akanisogezea simu mpaka puani.

"Mama, cheki hii. Wanaichinja."

Kwenye kioo cha simu palikuwa na ndege kubwa ya abiria, ile ya injini nne, imeegeshwa katika jangwa la nchi nisiyoijua. Injini zilikuwa zimeshatolewa. Madirisha yalikuwa yamezibwa. Mashine yenye mdomo mrefu ilikuwa ikiuma ubavu wake na kuvuta bati, na chini ya bati zikaonekana mbavu, moja baada ya nyingine, zimepinda kwa mpangilio.

"Zinakula mafuta mob," Ifrah akanieleza. "Siku hizi ya injini mbili inafika kulekule. Ndio makampuni yanazitoa. Imepewa pensheni."

"Uliona mzee gani amestaafu akakatwa mbavu?"

Akacheka, akachukua simu yake, akaenda zake. Mimi nilibaki nimeshika kitabu cha Hisabati bila kukumbuka nilitaka kukiweka rafu gani. Habari yenyewe haikuwa mpya kwangu. Nilikuwa nimeisoma magazetini, na kabla ya kuisoma nilikuwa nimeshaiona angani, kwa sababu mimi ni mtu wa kutazama kitu kilekile kila siku na kugundua kinapokosekana. Kilichonichosha ghafla ni kuona mbavu. Nilijua sasa sina budi kumwambia mama yangu.

Nyuma ya duka letu hapa Garissa kuna ua mdogo. Mama yangu, ninayemwita Hooyo kama watu wa kwetu wote wamwitavyo mama, hukaa pale juu ya mkeka kuanzia alasiri. Macho yake yaliingiwa na mtoto wa jicho, upasuaji ukachelewa, na sasa anatofautisha mwanga na kivuli tu. Kila alasiri huniita kutoka uani kwa sauti ileile: "Ile ya nyayo nne imepita?" Nami huacha ninachofanya, hutoka, hukaa kando yake, hutazama juu. Zamani nilimpa jibu kamili: imepita, inaelekea kusini, nyayo zake ni nene. Kisha ikawa inapita mara chache, kisha haikupita tena, na mimi nikaanza kumjibu neno moja: "Bado."

Ningeweza kumwambia siku ya kwanza. Lakini neno hilo "bado" nililipata kwake, na hadithi ya jinsi nilivyolipata ndiyo iliyonifunga mdomo.

Nilizaliwa katika nyika ya upande wa Kutulo, katika familia iliyohama na wanyama wake. Shule sikuiona. Tulipopoteza mifugo na kuja mjini nilikuwa nimeshakua, na mengi ninayoyajua nimeyasoma mwenyewe katika vitabu ninavyouza, nikivirudisha rafuni bila kukunja kurasa. Hata Kiswahili hiki nilijifunza sokoni na kukinyoosha vitabuni. Yote yaliyosemwa nyikani yalisemwa kwa Kisomali. Lakini kusoma kwa kwanza kabisa nilifundishwa na bibi yangu, mama yake Hooyo, tuliyemwita Ayeeyo. Alinifundisha kusoma nyayo.

Alinipeleka asubuhi kwenye njia ya ngamia, akachomeka fimbo yake mchangani kando ya unyayo.

"Huyu amebeba au ni mtupu?"

"Mtupu."

"Wewe ndiye mtupu. Tazama ukingo."

Ngamia aliyebeba huzama. Wayo wake hupanuka, ukingo wa alama husimama, na upepo huchukua muda kuufuta. Asiye na mzigo hupita kama mgeni asiyetaka kusumbua. Kufika adhuhuri alama yake haipo. Kwa kutazama chini tu Ayeeyo alijua kama familia iliyopita ilibeba nyumba au maji, na kama kulikuwa na mgonjwa juu ya ngamia mmoja, kwa sababu ngamia wa mgonjwa huongozwa polepole na hatua zake huwa fupi. Nilikosea, akanicheka, nikakosea tena. Siku nilipopatia hakunisifu. Alisema tu, "Sasa huwezi kupotea," akaendelea kutembea.

Juu yetu ilikuwa ikipita ndege. Ilikuwa ndogo kuliko kupe, nyeupe, na sauti yake ilifika wakati yenyewe imeshasogea mbele, kama mtu anayejibu swali la jana. Nyuma yake iliacha mistari minne. Mistari ilianza imetengana, kisha kila miwili ikajiunga, kama ngamia wanaofuatana wanavyokanyaga alama za mwenzao. Zilikuwapo pia ndege za mistari miwili, lakini hizo sikuzijali. Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba ule ulikuwa mvuke. Nilichofundishwa ni kwamba kinachopita huacha nyayo, na nyayo husema mzigo. Siku nyingine mistari ile ilikuwa minene, ikabaki angani mpaka ikafumuka kama sufi. Siku nyingine ilikuwa mifupi, ikafutika palepale nyuma ya ndege. Nikahitimisha kwa uhakika wote wa mtoto: leo imebeba, leo ni tupu.

Nilimwambia Ayeeyo. Akakinga macho kwa kiganja, akatazama juu kwa muda.

"Kweli imebeba," akasema. "Tena nyumba nzima."

Sijui kama alikuwa akinitania. Sikumuuliza wakati ule, kwa sababu nilidhani tunazungumza jambo la kweli.

Kisha Ayeeyo mwenyewe akapata safari. Alikuwa ameitamani Hija kwa muda mrefu, wanawe wakauza ngamia, na Abti Nuur, yaani mjomba wangu, ndugu wa Hooyo, akapewa kazi ya kumsindikiza mpaka Nairobi. Waliondoka na lori la mifugo lililokuwa likirudi kusini. Ayeeyo aliketi mbele kando ya dereva, amevaa guntiino jipya lililokuwa bado na harufu ya duka, kibuyu cha maziwa mapajani. Dereva alilalamika kwamba kibuyu kitamwagika. Ayeeyo akamwambia kwamba yeye alikuwa akibeba maziwa juu ya ngamia kabla baba yake dereva hajaota meno.

Nilipanda kwenye ngazi ya mlango.

"Ayeeyo, ukipita juu utanipungia mkono?"

"Nitakutupia tende. Wewe fungua kinywa tu."

"Na kama tumehama?"

Akanitazama kana kwamba nimemuaibisha mbele ya dereva. "Mkihama mtaniwekea alama. Kwani mimi nilikuwa nafundisha mbuzi?"

Alama hiyo kila mtu wa kwetu anaijua. Familia ikihama, mtu mzima mmoja huweza kubaki nyuma na wanyama dhaifu wasioweza mwendo, kisha hufuata taratibu. Wanaotangulia humwekea matawi ardhini, upande uliokatwa ukielekea walikokwenda, na mawe machache juu yake upepo usiyageuze. Hakuna anayeondoka bila kufanya hivyo. Niliona Hooyo akiweka alama kama hizo kabla sijaweza kutembea sawasawa.

Abti Nuur aliporudi alikuwa mtu mwingine kwa siku kadhaa. Alikuwa ameiona ndege kwa karibu, na sisi tulikaa mbele yake kama wanafunzi.

"Ina ghorofa," alisema. "Ndani ni kijiji. Wanakula humo, wanaswali humo, wanajisaidia humo."

"Na mbuzi wako wapi?" nikauliza.

"Hakuna mbuzi."

"Sasa wanakunywa nini?"

"Maji ya matunda."

Nilimhurumia Ayeeyo. Kisha nikauliza swali nililokuwa nimeliandaa. "Ina miguu mingapi ya kuacha nyayo?"

Abti Nuur akacheka mpaka akakohoa, lakini alinijibu. Alisema ina vitu vinne kama mitungi mikubwa chini ya mabawa, viwili kila upande, na ndivyo vinavyopiga kelele. Hiyo ilinitosha. Ayeeyo alikuwa amepanda ileile.

Tangu siku hiyo nilingoja kwa utaratibu. Zilizoelekea kaskazini hazikunihusu, kwa kuwa hizo zilikuwa zinakwenda. Nilizitaka zinazotoka kaskazini. Katika hizo, zenye nyayo nne. Na katika hizo, iliyobeba. Nilipokuwa na mbuzi kwenye vichaka vizito nisiweze kuona anga, nilirudi jioni na kumuuliza Hooyo, "Ile ya nyayo nne imepita?" Naye, bila kuinua kichwa kutoka kwenye kazi yake, alijibu, "Bado."

Kiangazi kilikuwa kimeshuka. Nyasi ziliisha, majani yakaisha, hata kelele za ndege wa miti zikapungua. Na zile ndege za juu nazo zilibadilika. Zilipita kutoka kaskazini na nyayo fupi, zimefutika kabla hazijavuka juu ya vichwa vyetu. Kila moja ilikuwa tupu. Nililala nikimwona Ayeeyo amekaa juu ya mzigo wake mahali fulani penye mchanga, akiangalia zinavyoondoka bila yeye, akikataa maji ya matunda.

Siku moja Abti Nuur alikwenda Kutulo kuleta sukari, akarudi bila sukari. Nakumbuka hilo kwa sababu nilikuwa nimeingoja. Alimwita Hooyo kando ya boma la ngamia, wakasimama, kisha Hooyo akakaa chini. Baadaye wanawake wa kambi za jirani walikuja, wakalala kwetu, wakasoma Kurani na sheikh aliyekuja nao, na mbuzi akachinjwa ingawa ilikuwa kiangazi. Niliona watu, nikaona nyama, nikadhani tunajiandaa kumpokea msafiri. Nilimfuata Hooyo alipokuwa peke yake akitikisa maziwa.

"Ayeeyo yuko wapi sasa?"

"Makka."

"Anakuja lini?"

Akakaza kitambaa kichwani, ingawa hakikuwa kimelegea. "Kisima kimekauka," akasema. "Tutahama."

Mimi nilimjumlisha Ayeeyo na watu wa aina niliyoijua, wale wanaobaki nyuma na wanyonge kisha wakafuata. Kwa mtoto wa familia nyingine pengine kutokuonekana kwa mtu ni jambo la kutisha. Kwetu lilikuwa jambo la kuchelewa.

Asubuhi ya kuhama, Hooyo aliivunja nyumba. Nyumba yetu ilikuwa ya fito zilizopindwa na mikeka iliyofumwa, na kuivunja ilikuwa kazi ya wanawake, yenye mpango wake: mikeka kwanza, kamba, kisha fito, zikilazwa ardhini kwa jozi ili zipandishwe juu ya ngamia zikiwa zimepinda vilevile. Abti Nuur alikuwa amewalaza ngamia na kufunga mizigo. Baba yangu na vijana walikuwa mbali wakichunga ngamia wa maziwa, kwa hiyo safari ilikuwa mikononi mwa watu hao wawili, Hooyo na ndugu yake, na haraka ilikuwepo, maana maji yaliyofuata yalikuwa mbali na jua halikuwa na huruma.

Niliwaona wakiweka alama ya matawi kwa ajili ya mzee wa kambi ya jirani aliyekuwa akibaki nyuma. Nilitazama matawi, kisha nikatazama juu. Kutoka kule juu matawi yale yasingeonekana. Sisi wenyewe tuliiona ndege kama kupe; Ayeeyo angeona nini? Angepita juu ya boma tupu, asione nyumba wala moshi, na ndege ikaendelea naye.

Katika boma la mbuzi kulikuwa na samadi ya zamani iliyokuwa imeungua polepole kwa muda mrefu, ikawa majivu meupe. Nilichukua kipande cha mkeka uliochakaa, nikayachota, nikaenda uwandani ambako udongo ulikuwa mwekundu na mtupu. Nikaanza kumwaga mstari kuelekea kule tulikokuwa tunakwenda. Nilichota, nikamwaga, nikarudi. Mbuzi niliokabidhiwa niliwasahau.

Hooyo alinifikia akiwa anahema.

"Umerogwa? Mbuzi wameingia kwenye mizigo, yule mweusi ameshakula pindo la mkeka wa watu! Unafanya nini?"

"Naweka alama."

"Alama ipo pale. Ya nani hii?"

"Ya Ayeeyo. Akipita na sisi hatupo atajuaje pa kushuka?"

Kutoka kambini Abti Nuur alikuwa akipaza sauti. "Walaal! Jua linapanda! Ngamia wamesimama na mizigo!" Ndivyo alivyomwita dada yake, walaal, ndugu, na kwa kawaida sauti hiyo ilimfanya Hooyo akimbie. Safari hii hakugeuka. Alikuwa anatazama mstari wangu kutoka mwanzo wake hadi miguuni pangu. Nilingoja kofi.

"Nyembamba," akasema hatimaye. "Ayeeyo haoni vizuri mbali."

Akafunga pindo la nguo yake kiunoni, akaenda bomani, akachota majivu kwa mikono miwili. Tulifanya kazi pamoja. Mimi nilimwaga, yeye hakumwaga. Aliyaweka chini, akayatandaza, kisha akayapigapiga taratibu kwa viganja, sehemu baada ya sehemu, akisema maneno kwa sauti ndogo. Nilidhani anazuia upepo usiyachukue. Nikamuiga. Mikono yetu ikawa myeupe mpaka kwenye viwiko.

Abti Nuur alikuja na fimbo mkononi na karipio mdomoni. Alifika hatua chache kutoka kwetu, akamwona dada yake akiwa magotini, akasimama. Aligeuka, akarudi alikotoka, na baada ya muda nikasikia ile sauti ya kooni ya kuwalaza ngamia. Alikuwa akiwalaza tena na mizigo yao, jambo ambalo hakuwahi kumruhusu mtu yeyote afanye kwa sababu ya uchovu wa kuwainua upya. Tuliondoka jua limeshakuwa kali, na njia nzima hakuna aliyelaumiwa.

Katika kambi mpya niliendelea kuuliza, na Hooyo akaendelea kunijibu. Imepita? Bado. Mvua zilikuja, nyayo za juu zikawa nene tena, ndege zikawa zimebeba, na bado ikawa bado.

Hakuna aliyenikalisha akaniambia. Msimu mwingine wa Hija ulipofika, mwanamke mmoja mpita njia alisimama kumsalimu Hooyo aliyekuwa akimkamua ngamia. "Mungu amrehemu mama yako," akasema. "Amepata kulala ardhi njema." Hooyo alijibu "Amin" na kuendelea kukamua. Mimi nilikuwa nimeshika kibuyu. Nilirudi nyuma kichwani, kitu kimoja kimoja: safari bila sukari, wageni, mbuzi wa kiangazi, kitambaa kilichokazwa. Nilipofika kwenye majivu nilisimama hapo, kwa sababu hayo sikuyaelewa. Kama alijua, alikuwa akimwekea nani alama?

Alasiri ile ndege ya nyayo nne ilipita kutoka kaskazini. Nikamwambia, "Imepita."

"Haya," akasema Hooyo.

Hatukulizungumza tena. Baadaye ukame uliofuata ulituvua kila kitu, na tukaja Garissa kama watu wengi, kwa lori, bila ngamia wa kuongoza. Nilikua, nikaolewa, nikafungua duka. Katika kitabu kimoja cha jiografia kisichokuwa na jalada nilisoma kuhusu mistari ile. Ni mvuke wa injini unaoganda kwenye baridi ya juu. Hewa ikiwa na unyevu, mstari hudumu na kupanuka. Hewa ikiwa kavu, hufutika. Mzigo hauhusiki. Nilisoma ukurasa huo mara mbili, nikakirudisha kitabu rafuni, nikarudi kukitoa. Ina maana katika kiangazi kile ndege zote nilizoziona tupu zilikuwa zimejaa watu. Mahujaji walirudi juu ya kichwa changu, wakiwa na tende zao mikobani, na mimi nikasema hakuna mtu.

Lakini Ayeeyo naye hakuwa mjinga. Nyayo nene zikionekana baada ya ukavu mrefu, ilikuwa dalili kwamba unyevu umeanza kurudi huko juu, na nadhani ndicho alichokuwa akitazama aliponikubalia. Hooyo pia. Hata baada ya macho yake kufifia, nilipomwambia uani kwamba leo nyayo ni nene, alisema, "Basi Kutulo watapata mvua," na mara nyingine walipata.

Sitaki kusema zaidi ya ninachojua. Ndege za injini nne hazijaisha duniani; zipo zinazoruka kwingine, na nyingine hubeba mizigo. Nazungumzia anga letu. Zinazopita sasa juu ya mto Tana zina mistari miwili, myembamba na safi, na sauti yake haifiki uani kwa sababu ya tuk-tuk. Watoto wa hapa hawainui vichwa. Siwalaumu, nao wana mambo yao ya kutazama.

Siku Ifrah aliponionyesha mbavu zile, nilipika chai ya maziwa ya ngamia, nikaipeleka uani mapema, kabla sijaitwa. Hooyo alisikia hatua zangu.

"Ile ya nyayo nne imepita?"

"Hooyo, haitapita."

"Mawingu?"

"Hapana. Wameacha kuirusha. Imezeeka, inakula mafuta mengi. Wanaikatakata. Ifrah ameniletea picha."

Alipuliza chai, akanywa, akashusha kikombe kwa kukitafutia ardhi.

"Wanaanzia wapi kukata?"

"Ubavuni."

"Ndani ikoje?"

"Ina mbavu zilizopinda. Kama fito za nyumba yetu."

"Wanazilaza kwa jozi?"

"Hapana. Wanazirundika."

Akasonya. "Watu wasiojua kuhama."

Nilicheka, kisha nikaona yeye hacheki. Mkono wake ulikuwa juu ya mkeka.

"Siku ile ya majivu," akasema. Hakuwahi kuitaja, hata mara moja. "Waliomzika mama yangu sikuwajua. Sikuosha mwili wake, na hakuna mkono wetu uliogusa udongo wake. Nuur alisema tuhame, na alisema kweli, kisima kilikuwa kimekauka. Sikuwa na mahali pa kuweka mikono. Nikakukuta wewe uwandani."

Kiganja chake kilikuwa kikiupigapiga mkeka taratibu, sehemu baada ya sehemu. Niliujua mwendo huo. Nilikuwa nimeuiga.

"Kwa nini hukuniambia mapema?"

"Kambi nzima ilikuwa imeshamlilia," akasema. "Nilitaka abaki mmoja anayemngoja."

Mbele ya duka mteja akaita, "Mama duka! Beni ya buluu iko?" Nikasema iko, nakuja. Nilikuwa nimeshainuka na kukamata mlango Hooyo aliposema nyuma yangu, kwa sauti ya kulalamika aliyokuwa akiitumia kwa mbuzi wakaidi:

"Sasa ndege ikiwa imekufa, wewe hutoki tena kuja kukaa nami?"

"Nitatoka, Hooyo."

"Hutoki. Wewe ni mtu wa sababu."

Nilimuuzia mteja kalamu yake. Nilirudisha kitabu cha Hisabati mahali pake. Nilifikiria alasiri zote nilizoacha kazi, nikatoka, nikatazama juu na kutoa taarifa sahihi, nikiamini kwamba taarifa ndiyo aliyoitaka.

Kesho yake mchana ulikuwa wa joto na watu dukani walikuwa wachache. Wakati wake ulipofika sauti ikatoka uani, ileile, wala haikuona haya.

"Ile ya nyayo nne imepita?"

Niliacha vitabu mezani. Nilitoka, nikakaa kando yake, nikakinga macho kwa kiganja. Juu kabisa kulikuwa na ndege ya mistari miwili ikielekea kusini, na nyayo zake zilikuwa zikifutika palepale, kwa maana hewa ilikuwa kavu.

"Bado," nikamwambia.

Akasogea kidogo kunipa nafasi kwenye mkeka.